Siku Laini Ilipoziba Bariadi

Nilipomaliza chuo Dar es Salaam nilirudi kwetu, jambo ambalo wenzangu wengi hawakulielewa. Nilikuwa nimesomea kompyuta, na mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu namna ya kukadiria kwa hesabu utendaji wa itifaki zinazosafirisha data kwenye mtandao. Kwa Bariadi ya wakati ule, tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, ujuzi huo haukuwa na pa kuuweka. Lakini biashara zilikuwa zimefunguliwa. Pamba ilinunuliwa na kila mwenye mzani na lori, dawa za pamba ziliuzwa na kila mwenye meza gulioni, simu za mkononi zilikuwa zimeanza kushika mjini, na mtu mmoja kutoka Mwanza alikuwa amepata leseni na kusimika dishi la setilaiti nyuma ya nyumba aliyopanga karibu na stendi. Alitaka kuuza intaneti. Alitafuta mtu anayejua Kisukuma na kompyuta, akanipata mimi.

Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu.

"Dishi hili linaweza kubeba wateja wangapi?"

Sikujua. Nikamwomba wiki tatu.

Nieleze kidogo kazi yenyewe. Ukituma barua au picha kwenye mtandao, haiendi ikiwa nzima. Kompyuta huikata vipande vidogo, hutuma vichache, kisha husubiri upande wa pili ujibu kwamba vimefika. Majibu yakija vizuri, inaongeza vipande. Yasipokuja kwa muda fulani, inachukulia kwamba vipande vimepotea, inavituma upya na kupunguza mwendo. Haina njia ya kujua kama kipande kimepotea kweli au kimechelewa tu, maana yote mawili kwake ni ukimya. Kanuni hizo za kutuma, kusubiri na kutuma tena ndizo itifaki ya usafirishaji. Chuoni nilikuwa nimejifunza kuzigeuza kuwa modeli: ukishajua safari ya kwenda na kurudi inachukua muda gani, na vipande vingapi vinapotea njiani, unaweza kukadiria kasi ambayo kila mteja ataipata hata kabla hujamuunganisha.

Ulikuwa mwezi wa Desemba. Mvua zilikuwa zimeanza na watu wako mashambani, mji mtupu. Kila asubuhi nilituma faili kubwa kwenda Mwanza na kuandika lilichukua muda gani. Nikaingiza vipimo kwenye modeli, nikaongeza wateja wa kubuni mmoja mmoja, na mchoro ukatoka vizuri kama ulivyokuwa vitabuni: wateja wakiongezeka, kasi inashuka taratibu. Lakini mwishoni, wateja walipokuwa wengi, modeli ilianza kufanya mambo ya ajabu. Mara jibu lilikuwa zuri, mara sifuri, bila mimi kubadilisha chochote. Nilikaa na tatizo hilo siku mbili. Nikajiambia kwamba nimekosea mahali kwenye programu, na kwa kuwa bosi alitaka jibu, nikaikata ile sehemu ya mwisho ya mchoro. Nilichapa karatasi iliyobaki, safi, nikampelekea.

"Kumi na sita," nikasema.

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

Aliandika namba ile kwenye kalenda ya mezani akaizungushia duara. Tangu siku ile nilianza kuogopa. Kila alipofunga antena mpya juu ya paa la mteja, niliihesabu kama mtu anavyohesabu hatua za maji ya mto yanayopanda kuelekea mlangoni kwake. Kiwanda cha kuchambua pamba, ofisi mbili za serikali, shule, duka la vifaa, mama mmoja aliyefungua chumba cha intaneti mkabala na stendi. Mwezi wa Februari tulifika kumi na tano. Wa kumi na sita ilikuwa hospitali. Bosi alifurahi, akasema sasa tumejaa sawasawa na hesabu za msomi wetu. Mimi usiku ule sikula. Sikumwambia mtu kuhusu ile sehemu niliyoikata, kwa sababu ningesema nini? Kwamba kuna jambo nimeliona na silielewi?

Baba alikuwa mkulima wa pamba kijijini Shishiyu, mwenye ng'ombe wachache na kaka yangu mkubwa akimsaidia. Mwaka ule funza wa vitumba walishambulia mashamba mapema. Zamani, dawa ilikuwa inatoka kwenye chama cha ushirika, aina moja, na bwana shamba akija kuonyesha namna ya kuipima. Sasa ilikuwa inauzwa gulioni na vijana wanaokuja kwa pikipiki, kila mmoja na chupa zake. Baba alinunua kwa mmoja aliyemsifia dawa yake kwamba inaua mara moja na hairudiwi. Hayo niliyajua baadaye.

Siku yenyewe ilianza kwa furaha ya mji. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, na kwa mara ya kwanza watu wa Bariadi walisikia kwamba hayana haja ya kusubiriwa kwenye ubao wa shule, yako kwenye intaneti. Saa tatu asubuhi nilipopita stendi, watu walikuwa wamejazana mlangoni kwa yule mama mpaka barabarani. Wengine walikuwa wametoka Lalago kwa malori ya alfajiri. Wazazi walishika vikaratasi vyenye namba za mitihani.

Ofisini nilikuwa peke yangu. Bosi alikuwa amekwenda Mwanza. Niliangalia modemu, kisanduku cha kuunganisha mtandao wetu na dishi. Taa yake ya kutuma, ambayo siku zote ilikuwa inapepesa, ilikuwa imewaka moja kwa moja bila kuzimika. Nikatuma kipimo kidogo kwenda Mwanza na kurudi. Kwa kawaida kilirudi kabla ya sekunde moja kuisha. Siku ile kilichukua sekunde kumi na mbili. Nikarudia. Kumi na nne.

Nilifungua programu ya kuangalia vipande vinavyopita. Vingi vilikuwa vilevile. Kipande kile kile kimetumwa mara nne, mara tano, mara sita. Hakuna kilichokuwa kimepotea. Foleni ndani ya modemu ilikuwa ndefu kiasi kwamba majibu yalirudi baada ya mtumaji kuchoka kusubiri, na kila aliyechoka alituma upya, na kila alichokituma upya kilirefusha foleni. Juu ya hapo walikuwepo watu wenyewe. Ukurasa usipofunguka walibonyeza tena, na tena. Kwenye modeli yangu kila mteja alikuwa mtu mtulivu anayepakua faili moja mpaka liishe. Sikuwa nimeweka mzazi anayetaka kujua kama mwanawe amefaulu. Hiyo ndiyo sehemu niliyoikata, ikiwa hai mbele yangu: laini imejaa kabisa na hakuna kinachofika.

Simu yangu ikaita. Alikuwa kaka.

"Tuko Bariadi, hospitalini, na mzee," alisema. "Dawa ya pamba imempiga."

"Imempiga vipi?"

"Alikuwa anapulizia tangu alfajiri. Bomba lilikuwa linavuja mgongoni. Wewe njoo."

Nilikodi baiskeli pale stendi. Sikumbuki tulipita wapi. Nakumbuka shati la mwendesha baiskeli lilivyolowa mgongoni, na mimi nikiliangalia, nikifikiria bomba linalovuja.

Baba alikuwa kitandani, amelazwa kwa ubavu. Kaka alikuwa amemshika mabega na muuguzi miguu. Mwili wake ulikaza wote, ukatetemeka, ukalegea, ukakaza tena. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akishikwa na degedege, na huyu alikuwa baba yangu, mtu niliyemwona akimwangusha dume la ng'ombe kwa kamba. Ulipolegea alifungua macho akaniona.

"Mayu," alisema, yaani mama, kama alivyozoea kuniita kwa kuwa nina jina la mama yake. Kisha ukakaza tena.

Daktari alinivuta pembeni. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na mkononi alishika chupa ya ile dawa ndani ya mfuko wa rambo. Kaka ndiye aliyekuwa na akili ya kuibeba.

"Dada, nisikilize. Wanaopigwa na dawa za pamba tunawapata kila msimu. Wanatoka mate, jasho, macho yanakuwa na mboni ndogo, na tuna sindano yake, atropini. Nimempa baba yako. Lakini yeye tangu alipofika hakuwa na mate wala jasho, ni degedege tu. Na sasa mapigo yake yanakwenda mbio mno. Kama sumu ni ile ninayoifahamu, inabidi niongeze sindano. Kama siyo, nikiongeza namuua."

"Chupa haisemi?"

Akanionyesha. Lebo yote ilikuwa na maandishi ya Kichina. Hakukuwa na neno moja la kusoma.

"Mwenzangu Mwanza ana daktari Mchina anayefanya naye kazi," alisema. "Nimempigia. Akasema siwezi kumsomea maandishi ya Kichina kwa simu, nitume picha. Faksi yetu imekufa tangu simu ya waya ikatike. Nimepiga picha kwa kamera ya hospitali, nimeituma kwa barua pepe tangu saa nne. Njoo uone."

Kwenye ofisi yake ndogo kompyuta ilionyesha mstari wa buluu uliojaa kidogo tu upande wa kushoto. Ilikuwa inakaribia saa sita.

"Mtandao wenu huu una nini leo?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu.

Nilitaka kumwambia. Mji mzima ulikuwa kwenye laini ile kwa sababu mimi nilisema unaenea.

"Naenda kuufungua," nikamwambia. "Usifunge hiyo kompyuta, daktari. Usiiguse."

Kwenye baiskeli nilimpigia bosi. Nilimweleza kwa haraka.

"Pole sana kwa mzee," alisema. "Lakini huwezi kukata wateja. Nina mikataba. Kiwanda leo kinatuma taarifa zake makao makuu. Wapigie, waombe wapunguze matumizi."

"Bosi, hakuna muda wa kuwapigia watu kumi na watano."

"Si wewe uliyesema kumi na sita?"

"Nilikosea."

"Ulikosea vipi? Ulinionyesha mchoro."

"Kuna sehemu ya mchoro sikukuonyesha."

Sikusubiri ajibu. Tulikuwa tumefika. Niliingia, nikasimama mbele ya swichi, kisanduku cha kugawia mtandao ambacho kebo za antena za wateja wote ziliingia, kila moja na kipande cha plasta chenye mwandiko wangu. Nilianza na chumba cha intaneti cha yule mama. Kisha kiwanda. Ofisi za serikali niliziogopa zaidi kuliko kiwanda, nikafumba macho na kuzichomoa. Nilichomoa zote mpaka ikabaki moja, ya hospitali.

Nikatuma kipimo. Sekunde tisa. Nikasubiri, nikarudia. Nne. Kisha moja. Kisha chini ya moja, kama siku za Desemba. Laini ilikuwa wazi kabisa.

Niliangalia taa ya hospitali kwenye swichi nikisubiri ianze kupepesa. Haikupepesa. Nilishika kebo nikaisukuma ndani, nikidhani imelegea. Haikuwa imelegea. Barabara nzima ilikuwa tupu na yule niliyemfungulia njia hapiti. Nadhani hapo ndipo nilipoogopa kuliko mahali pengine popote siku ile. Nilifikiri antena ya hospitali imeharibika, au umeme wao umekatika, au kwamba daktari ameondoka kwenye ile kompyuta kwa sababu hakuna tena haja.

Halafu nikakumbuka kanuni yenyewe, ile niliyoiandika chuoni kurasa na kurasa. Mtumaji akikosa jibu anasubiri, akikosa tena anasubiri mara mbili ya mwanzo, akikosa tena mara mbili ya hiyo. Kompyuta ya daktari ilikuwa imekosa jibu kwa saa mbili. Sasa ilikuwa imejifunza kusubiri muda mrefu, na ilikuwa imekaa kimya ikimaliza zamu yake ya kusubiri, haijui kwamba njia imefunguka. Na mimi ndiye niliyemwambia daktari asiiguse.

Nikampigia daktari.

"Futa," nikamwambia. "Futa yote, halafu tuma upya."

"Si umesema nisiguse?"

"Nilisema hivyo, nimekosea. Futa, tuma upya, tafadhali."

Nilimsikia akibonyeza. Nilisikia pia, nyuma yake, kitanda cha chuma kikigongagonga ukuta. Taa ya hospitali ikapepesa mara moja. Ikapepesa mara mbili. Ikaanza kwenda mbio.

"Inakwenda," daktari alisema. "Nusu. Imefika nusu. Imeondoka."

Akakata simu ampigie mwenzake.

Sasa nilitakiwa nibaki pale. Nilihofia nikiondoka mtu ataingia na kurudisha kebo, na kama Mwanza watahitaji picha nyingine, ya upande wa pili wa chupa, haitapita. Kwa hiyo nilikaa sakafuni chini ya swichi, simu mkononi. Hazikupita hata dakika kumi, mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Alikuwa yule mama wa chumba cha intaneti, na nyuma yake watu kama ishirini, wazazi na wanafunzi, vikaratasi mkononi.

"Binti, umetukatia kwa nini?" alisema. "Watu wametoka mbali hawa. Wamekaa tangu asubuhi."

Niliinuka. Niliwaambia kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenikimbia, kwamba baba yangu yuko hospitalini, amepigwa na dawa ya pamba isiyojulikana, na hospitali inatuma picha ya chupa ili isomwe. Niliwaambia pia kwamba laini haiwezi kutubeba wote, na kwamba nilikuwa na dalili ya hilo mapema na sikusema.

Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua aliuliza, "Chupa yenyewe ikoje?"

"Ya kijani, kifuniko chekundu. Maandishi ya Kichina."

"Ninayo nyumbani," alisema taratibu.

Simu ikaita. Kaka.

"Ametulia," alisema.

"Ametulia vipi?"

"Ametulia. Daktari amepata simu, amemchoma kitu kingine, na sasa amet..."

Simu ikakatika. Nikampigia, haipatikani. Nikapiga kwa daktari, inatumika. Kwetu neno hilo husemwa kwa mtu aliyelala na kwa mtu aliyekufa, na kaka yangu si mtu wa kutafuta neno jingine. Nilisimama nikiangalia kebo na mlango, kebo na mlango.

Yule mama alivuta kiti akaketi mbele ya swichi.

"Nenda," alisema. "Hakuna atakayegusa hapa mpaka urudi."

Nilikimbia kwa miguu, wala sikukumbuka kutafuta baiskeli. Njia nzima nilikuwa nikiongea na Mungu vibaya, nikimpa masharti. Nilipofika wodini nilisimama mlangoni kwa sababu sikuweza kuingia. Kutoka pale niliona miguu ya baba, nyayo zake zenye nyufa za udongo mweusi wa mbugani, hazitikisiki. Kaka alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, kichwa chini. Nilijua nimechelewa.

Halafu baba akakoroma.

Kaka aliinua kichwa. "Simu yangu imezima chaji," alisema, kana kwamba hilo ndilo nililokuja kuuliza.

Daktari alinieleza baadaye, akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Yule Mchina aliisoma lebo mara moja. Haikuwa sumu ile ya kila msimu, ilikuwa ya aina nyingine, ya zamani, inayoshika ubongo, na haina sindano yake maalumu. Kitu cha kufanya kilikuwa kuacha kabisa atropini, kumwosha mwili wote upya kwa sabuni mpaka kwenye nywele, na kumlaza kwa dawa kali ya degedege.

"Nilikuwa nimeshavuta sindano nyingine," alisema. "Iko pale mezani. Nilijipa dakika tano."

Niliiangalia ile sindano. Ilikuwa imejaa. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya hospitali.

Kebo nilizirudisha jioni jua likiwa bado halijazama, tena si zote, sita kwanza. Yule mama alikuwa bado kwenye kiti. Wengi wa watu wake walikuwa wamekwenda kulala mjini kwa ndugu au wamerudi makwao bila kujua matokeo, na hilo pia linaniuma mpaka leo, maana miongoni mwao walikuwemo waliotembea.

Bosi alirudi kesho yake. Nilikuwa nimeweka mezani kwake karatasi mbili, ule mchoro nilioukata na mchoro mzima. Aliutazama ule mzima kwa muda mrefu, hasa pale mwishoni ambapo mstari unaruka juu na chini.

"Hapa ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni kosa langu kwenye programu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utaona sijui kazi."

Alikuwa na haki ya kunifukuza, na kwa siku kadhaa nilisubiri anifukuze. Badala yake aliniambia nianze upya. Safari hii sikukaa ofisini. Nilikaa kwenye chumba cha yule mama wiki nzima nikiandika watu wanabonyeza mara ngapi kabla ya kukata tamaa, wanasubiri muda gani, wanafungua kurasa ngapi kwa pamoja. Nikaviweka vyote kwenye modeli, pamoja na ile foleni ndefu ya modemu. Jibu likawa wateja saba, na foleni ifupishwe ili vipande vya ziada vitupwe mapema badala ya kurundikana. Bosi aliwaendea wateja tisa mmoja mmoja kuwaeleza kwamba tunawaondoa. Wengine walimtukana. Mimi nilikwenda naye kwa wote, kwa sababu aliniambia niende.

Ila hofu kubwa zaidi ilikuwa Shishiyu. Yule mzee wa koti la mvua hakuwa peke yake aliyenunua. Baba alipotoka hospitalini, mimi na kaka tulizunguka kijijini siku mbili, mchana, nyumba hadi nyumba. Tulisalimia "Mwadila," tukaketishwa, tukaeleza. Wengine walitukabidhi chupa. Wengine walikataa.

"Funza wakimaliza pamba yangu, wewe utanilisha?" mwanamume mmoja aliniuliza.

"Nenda ukamwone baba alivyo," nikamwambia.

"Nimemwona. Yuko hai."

Hatukupata chupa yake. Kwenye nyumba moja, mke wa mwenye nyumba alisema dawa ilishaisha kitambo, chupa ameiosha vizuri. Akaingia ndani akaitoa. Ilikuwa ya kijani, imejaa samli, ya kuwekea watoto kwenye uji. Alikuwa na watoto watatu na wote walikuwa pale uani wakitutazama. Kaka aliipokea chupa kwa mikono miwili. Mimi niliwaangalia wale watoto mmoja baada ya mwingine, nikitafuta kwenye nyuso zao sijui nini. Tuliwapeleka zahanati jioni ile ile. Walikuwa wazima. Mama yao aliniuliza mara tatu kama yule tabibu ana uhakika, na mimi mara zote tatu nilisema ndiyo, na mara zote tatu nilijisikia nimesema ndiyo ile ile niliyomwambia bosi.

Kijana wa pikipiki hakuonekana tena gulioni. Kaka alimtafuta mpaka Maswa mjini, Nyalikungu, akaambiwa amehamia upande wa Meatu. Tulitoa taarifa polisi, wakaandika.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mkono wake wa kulia ulibaki unatetemeka, na kuna siku alisahau majina ya ng'ombe wake, jambo lililomtia aibu kuliko mkono. Pamba aliiacha. Kwenye lile shamba alipanda dengu, na baadaye mpunga kule bondeni. Nilipohamia Dar es Salaam kwa kazi nyingine alinisindikiza mpaka barabarani, akinibebea begi kwa mkono wa kushoto. Alitaka kujua huko naenda kufanya nini. Nikamweleza kwamba nitakuwa nakadiria mitandao mikubwa zaidi, yenye watu wengi zaidi.

"Na huogopi?" aliuliza.

"Naogopa, baba."

Alitikisa kichwa kukubali, akalitua begi chini, tukasimama pamoja kusubiri basi.